Habu na diski mpya za breki kwenye pikapu: maswali tunayoulizwa gereji, Tanga

Wateja wetu wengi ni wenye pikapu: Hilux za kubeba machungwa ya Muheza, Land Cruiser mkonga zinazopanda Lushoto na Amani, na chache zinazoshinda ufukweni zikisomba samaki na mwani. Habu na diski za mbele tunaulizwa karibu kila siku, mara mbele ya gari lililokwisha funguliwa, mara kwa simu na mtu aliyekwama njiani. Nimeyakusanya maswali hapa pamoja na majibu ninayoyatoa. Mfano ninaoutumia zaidi ni Land Cruiser na Hilux za zamani zenye ekseli nzima mbele, yaani boriti moja kutoka gurudumu hadi gurudumu, maana huko diski hufungwa nyuma ya habu na huwezi kugusa moja bila kushusha nyingine. Gari la aina nyingine nitalitaja pale linapotofautiana.

Usukani unatetemeka nikikanyaga breki. Ni habu au ni diski?

Kama unatetemeka pale tu unapokanyaga, na ukiachia unatulia, ishuku diski kwanza. Kama unatetemeka ukifika mwendo fulani hata bila breki, anza na tairi: balansi, rimu iliyopinda, tairi lililovimba. Beringi ya habu ina sauti yake. Ni mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, na mara nyingi hubadilika ukikata kona. Ukikata kushoto, uzito wa gari unaegemea kulia. Mvumo ukizidi hapo, mbovu kwa kawaida ni beringi ya kulia.

Kipimo kingine hakitaki zaidi ya jeki na mtu wa kukusaidia. Inua gurudumu, lishike juu na chini, vuta na sukuma kwa zamu. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha jaribu tena. Mchezo ukipotea, ulikuwa wa beringi, kwa sababu breki imeibana habu isiweze kuyumba. Ukibaki palepale, tafuta kwenye kingipini au boli jointi, yaani viungo ambavyo gurudumu hugeukia. Usikiruke kipimo hiki. Nimepokea gari lililokwisha badilishiwa beringi mara mbili kumbe kingipini ndiyo iliyokwisha, na mwenyewe alikuwa amelipa mara zote mbili.

Ukimaliza, zungusha gurudumu kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika springi. Beringi iliyochoka utaihisi kiganjani kabla hujaisikia.

Kwani habu na diski si kitu kimoja?

Hapana. Habu ndiyo inayobeba gurudumu: ina stadi za kufungia rimu, na ndani yake mna beringi. Diski ni ile sahani ya chuma cha kusubu inayobanwa na pedi ili gari lisimame. Vinachanganywa kwa sababu kwenye magari mengi ya zamani vinatoka pamoja kama sufuria na kifuniko.

Kwenye pikapu nyingi za karibuni diski inavaa juu ya stadi kutoka mbele. Ukiisha toa kalipa, ile inayobeba pedi na kuzibana kwenye diski, pamoja na kishikio chake, diski inatoka yenyewe, au inatoka kwa kusukumwa na bolti mbili ndogo ukiona ina matundu yenye nyuzi. Beringi za magari hayo mara nyingi ni za kufungwa kabisa, hazitiwi grisi wala hazirekebishwi. Zikilia unabadilisha nzima, na nyingine zinataka presi. Kama gari lina ABS, angalia upande wa beringi wenye pete ya sumaku, ndio unaotazama sensa. Ikiwekwa kinyume, taa itawaka kwenye dashibodi na utarudi kufungua upya.

Diski moja tu imekwisha. Nibadilishe zote mbili?

Diski, ndiyo, za ekseli moja hubadilishwa kwa jozi, na pedi pia. Ukiweka mpya kulia na kuukuu kushoto, breki hazitashika sawa na gari litavuta upande. Habu ni tofauti. Habu iliyoharibika ni moja? Badilisha hiyo moja.

Diski yangu ina mikwaruzo tu. Haiwezi kuchongwa?

Inaweza, kama itabaki na unene. Tazama ukingo wa diski au sehemu yake ya katikati, utaona herufi MIN TH na namba mbele yake. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa cha unene kwa milimita. Pima kwa kalipa ya vipimo (si ile ya breki) sehemu kadhaa, ndani ya ule ukingo ulioinuka, si juu yake. Diski ikiisha kuchongwa lazima ibaki juu ya namba hiyo, na kwa akiba, maana pedi zitaendelea kuila. Diski nyembamba hupata moto upesi na hupasuka. Mimi nikiona nyufa zimefika ukingoni siulizi namba, naiweka pembeni.

Nilinunua diski mpya, miezi miwili haijaisha zinatetemeka tena. Nimeuziwa feki?

Inawezekana. Lakini kabla hujaenda kugombana na mwenye duka, jibu hili: uso wa habu ulisafishwa kabla diski mpya haijakaa?

Hapa kwetu hewa ina chumvi. Pale diski inapokutana na habu, unyevu huingia ukakaa, na kutu hujijenga tabaka juu ya tabaka kama magamba ya changu. Fundi mwenye haraka hupitisha kitambaa, akaweka diski, akakaza, akaita mteja. Sasa chukulia gamba moja tu limebaki, unene wake kama karatasi ya daftari, yaani karibu milimita 0.1. Diski inakaa upande. Na kwa kuwa pedi zinabana kule ukingoni, mbali na lile gamba, upande ule unaongezeka kadiri unavyokwenda nje. Vitabu vya watengenezaji vingi huruhusu diski iyumbe kitu kama milimita 0.05 hadi 0.15, kutegemea gari. Karatasi moja imekwisha kula ruhusa yote.

Ubaya wake hauonekani siku ile. Gari linatoka gereji limetulia, mteja anashukuru, anatoa na ya soda. Lakini kila mzunguko ile sehemu iliyojitokeza inaigusa pedi hata mguu ukiwa mbali na breki. Sehemu moja inalika, nyingine haiguswi, mpaka unene wa diski hauko sawa kuzunguka. Hapo ndipo usukani unapoanza kucheza, na hapo ndipo mwenye duka la spea anapotukanwa bure.

Dawa yake ni brashi ya waya, msasa na subira. Safisha uso wote wa habu, hasa kuzunguka shina la kila stadi, ambako brashi kubwa haifiki na kutu hujificha. Safisha na mdomo wa katikati. Pitisha ukucha: ukikwama, bado. Kisha futa kwa kitambaa kikavu. Usipake grisi nene hapo kuzuia kutu. Grisi nayo ni tabaka. Kijana anayeanza kazi kwetu hufanya hii kwa wiki nzima kabla sijampa spana ya maana, na wengine wamenichukia kwa hilo.

Ukiisha funga, pima kwa dayo geji, ile saa ya kupimia yenye mguu wa sumaku. Kama diski ni ya kuvaa juu ya stadi, ibane kwanza kwa nati zote. Weka ncha karibu na ukingo, zungusha taratibu mzunguko mzima, soma tofauti. Ikizidi, usikimbilie kurudisha diski dukani. Ifungue, isogeze tundu moja, ifunge, pima tena. Mara nyingi tofauti ya habu na tofauti ya diski zinafutana ukipata mkao wake.

Niende dukani na nini ili nisiuziwe kitu kisichoingia?

Beba kilichotoka kwenye gari, kikiwa kichafu hivyohivyo, na namba ya chesisi. Jina la gari peke yake halitoshi. Hilux na Land Cruiser za zamani zina stadi 6 kwenye duara la milimita 139.7, Land Cruiser pikapu za mfululizo wa 70 za tangu miaka ya 2000 zina stadi 5 kwenye duara la milimita 150. Ukisema tu «nataka diski ya Land Cruiser» umemwachia muuzaji abahatishe.

Linganisha mpya na kuukuu juu ya kaunta: upana, unene, kina cha kofia ya katikati, na tundu la kati. Diski zenye matundu ya hewa ubavuni, chungulia mapezi yake. Yakiwa yamejaa mabaki ya mchanga wa kusubia au hayalingani, iache. Beringi nzuri huwa na namba iliyochorwa kwenye chuma chenyewe, si kwenye boksi tu. Niliwahi kununua beringi ndani ya boksi linalong'aa, nikafika gereji, nikaosha ile grisi ya kiwandani, nikakuta rola zina vidoa vya kutu chini yake. Zilikuwa kuukuu zimeogeshwa. Tangu siku hiyo nafungua na kufuta palepale, muuzaji akinuna anune.

Spea za mtumba? Habu ya mtumba naikubali kama matundu ya stadi hayajatanuka na vikombe vya beringi, zile pete za nje ambamo rola huzunguka, vinakaa kwa kubana. Beringi ya mtumba, hapana. Diski ya mtumba ni bahati nasibu ya kilo kadhaa.

Kwenye orodha usisahau vitu vidogo: oili sili, gasketi ya friwili (kifaa cha mwisho wa habu kinachoiunganisha na shafti), washa ya kufungia yenye meno, na kota pini, ile pini ya kukunja inayozuia nati isifunguke, kama gari lako ni la nati moja yenye mikato. Hivi havitumiwi mara ya pili.

Nikiwa na spana nyumbani naweza kufanya mwenyewe?

Diski za kuvaa juu ya stadi, mtu makini anaweza. Habu ya beringi za koni, zile zinazofunguliwa na kukazwa kwa kupima, fanya ya kwanza ukiwa na mtu anayeijua.

Kazi yenyewe inakwendaje?

Egesha pagumu na tambarare, weka magogo kwenye magurudumu ya nyuma, legeza nati za tairi kabla ya kuinua. Jeki ni ya kuinulia. Ya kubebea ni stendi, chini ya ekseli. Tofali la saruji hupasuka bila kuaga, usiliweke.

Fungua bolti mbili za kalipa, itundike kwa waya kwenye springi. Ikining'inia kwa mpira wake, mpira unaumia ndani mahali usipoona. Vumbi la pedi usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Limwagie maji ya sabuni lishuke chini. Vumbi hilo si la kuvuta.

Kwenye Land Cruiser, ukitoa kofia ya friwili utakuta sekilipu (kipete cha kubana) kwenye ncha ya shafti, kisha nati 6 zenye washa za koni. Hizo washa hung'ang'ania. Gonga ubavu wa flenji kwa nyundo ya shaba, zitaruka zenyewe. Ukizichokonoa kwa patasi utazipasua. Ndani yake kuna nati mbili kubwa na baina yao ile washa yenye meno. Nati hizo zinataka soketi ya milimita 54. Najua patasi na nyundo vinazifungua pia, na ninazijua hizo nati kwa sura: pembe zimeliwa, vipande vya chuma vimeingia kwenye beringi. Soketi hiyo ukiinunua mara moja utamrithisha mwanao.

Zikitoka nati, ivute habu kidogo. Beringi ya nje itakuja mkononi, kisha habu nzima na diski yake. Ni nzito, jiandae. Hapa simama uangalie nyuma, kwenye kifundo, kile kiungo kinachogeuka na gurudumu. Grisi ikiwa nyepesi kama uji na inanuka oili ya difu, sili ya shafti ya ndani imekufa. Ukiipita hivyohivyo, oili itakuja kulowesha diski na pedi mpya na utaanza upya kila kitu.

Tenganisha diski kwa kufungua bolti za nyuma kwa mtindo wa msalaba. Imegandamana? Penetreti (dawa ya kulegeza kutu), subira, na nyundo juu ya kipande cha mti. Kisha ile kazi ya brashi niliyoisema juu.

Vikombe vya beringi vikuukuu vitoe kwa kugonga kutoka upande wa pili, ukizunguka. Vipya viweke kwenye friza usiku kucha, ndani ya mfuko visije vikanuka dagaa, na asubuhi habu uiache juani. Vitaingia kwa adabu. Gonga kwa shaba, si kwa chuma, huku ukizunguka, na usikilize: mlio wa nyundo ukibadilika kutoka wa bati kuwa wa jiwe, kikombe kimefika chini. Kikombe na koni yake ni watu wa nyumba moja, usichanganye kuukuu na kipya.

Diski mpya huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Ioshe kwa dawa ya kusafishia breki, au kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, ukaushe hapohapo. Usiache alama za vidole vyenye grisi. Bolti zake kaza kwa msalaba, kidogokidogo, kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm. Kalipa mwishoni: bolti zake kwenye Hilux na Land Cruiser nyingi za aina hii zinakazwa Nm 123, lakini kitabu cha gari lako ndicho mwamuzi.

Beringi ikazwe kiasi gani?

Hapa ndipo kila fundi ana hadithi yake. «Kaza mpaka mwisho, rudisha robo.» «Sikilizia mkono.» Mkono wangu una miaka mingi na bado siuamini.

Kaza nati ya kwanza kwa nguvu huku habu inazungushwa pande zote mbili, ili rola zikae mahali pake. Legeza mpaka nati izunguke kwa vidole. Kisha kaza tena kidogokidogo, ukipima. Kipimo ni kuvuta stadi moja kwa mizani ya springi, ukivuta kufuata mzunguko, na kusoma kilo pale habu inapoanza kuzunguka. Kwa Land Cruiser za ekseli nzima, kiwango kilichozoeleka kwenye vitabu ni Nyutoni 28 hadi 56, yaani kutoka karibu kilo 3 hadi chini kidogo ya kilo 6. Kalipa iwe nje wakati huo, la sivyo unapima pedi.

Mizani yetu ni ile ya kuning'iniza ya wauza samaki. Tuliipata Deep Sea, soko la samaki, na kilo zake tulizihakiki kwanza kwa mfuko wa sukari, maana mizani ya sokoni nayo ina tabia zake.

Ukifikia kiwango, weka washa yenye meno, kaza nati ya pili, halafu pima tena. Wengi hawapimi mara ya pili, na hapo ndipo wanapoharibu: nati ya pili inaisukuma ya kwanza na mkazo unapanda. Ukiridhika, kunja jino moja kwenda ndani juu ya nati ya kwanza na jingine kwenda nje juu ya pili. Kwenye magari ya nati moja yenye mikato, kota pini iwe mpya. Msumari si kota pini.

Ikikazwa mno, beringi inapata moto, rola zinageuka rangi ya bluu, na inaweza kujifunga barabarani. Ikilegea, diski inayumba na kuzirudisha pistoni ndani ya kalipa. Utakanyaga breki mara ya kwanza ishuke chini, ya pili ndiyo ikushike.

Grisi ipi, na kiasi gani?

Ya beringi za magurudumu, ya lithiamu, ugumu namba 2, inayostahimili joto. Iingize kati ya rola kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili. Ndani ya habu paka ya kutosha kuzuia grisi ya beringi isikimbie, si kujaza pote. Ikijaa itatafuta njia ya kutokea, na njia ni kwenye sili. Grisi ya zamani na mpya za aina tofauti usizichanganye. Osha yote, kausha, ndipo uweke.

Nikibadilisha diski ni lazima nitoe upepo kwenye breki?

Kama hukufungua bomba lolote, hapana. Lakini unaporudisha pistoni ndani ili pedi nene ziingie, mafuta ya breki yanapanda kwenye kikopo. Yasifurike, yanakula rangi ya gari.

Na kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Kijana wetu alisahau, akawasha, akarudi nyuma. Mguu wa kwanza ulikwenda mpaka sakafuni. Gari lilisimama mbele ya meza ya mama muuza chapati kwa upana wa kiganja. Chapati zote za asubuhi ile tulinunua sisi.

Ukiwa umefika hapo, tazama na umri wa mafuta yenyewe. Mafuta ya breki hunywa unyevu kutoka hewani, na pwani unyevu ni wa bure. DOT 3 ikiwa mpya huchemka si chini ya nyuzi 205, ikiisha kunywa maji kiwango chake hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kila miaka miwili tunayabadilisha.

Hiyo inahusu nini mimi ninayeshusha viazi kutoka Lushoto?

Inakuhusu kuliko yeyote. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kama kilomita 33 za kona, unashuka karibu mita 1,000. Ukishuka kwa kukanyaga breki mfululizo, diski zinapata moto, moto unafika kwenye mafuta, maji yaliyomo yanageuka mvuke, na mvuke unabinyika. Mguu unazama, gari haliambiwi. Diski mpya hazikuokoi hapo. Shuka na gia ile ambayo ungepandia, kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, achia zipoe, rudia.

Safari ya kwanza na diski mpya niendeshe vipi?

Pedi na diski zinahitaji kuzoeana. Alfajiri, magari yakiwa machache, sisi hutoka kwa barabara ya Horohoro, tukipita Amboni. Endesha kilomita 50 au 60 kwa saa, punguza kwa breki ya wastani hadi 20 bila kusimama kabisa, ongeza mwendo tena, rudia mara kumi hivi. Kisha endesha dakika kumi bila kugusa breki kadiri unavyoweza ili zipoe. Usisimame na kuikandamiza breki diski zikiwa za moto, pedi zitaacha alama yake. Harufu kidogo ni kawaida. Moshi si kawaida.

Ukifika shuka, sogeza kiganja karibu na kila habu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kali kuliko mwenzake, ama beringi imekazwa mno ama pistoni imeng'ang'ania.

Nati za tairi?

Kwa msalaba, kwa spana ya torki. Hilux nyingi za rimu za chuma ni karibu Nm 105. Stadi nene za Land Cruiser za karibuni zinataka zaidi. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Anayekwenda Korogwe asimame Segera afanye hivyo. Stadi mpya usizivute ndani kwa mashine ya upepo. Zinakwenda upande na tundu linatanuka.

Langu ni lori, Fuso. Haya yananihusu?

Kanuni ya beringi na usafi, ndiyo. Lakini malori mengi ya Kijapani yaliyoko barabarani hapa, pamoja na yale yanayobeba saruji ya Pongwe, bado yana ngoma na si diski, na ngoma ni habari ndefu ya peke yake. Nitasema moja tu: malori ya zamani ya mfumo wa Kijapani yana nati za kushoto zenye nyuzi za kinyume. Tazama ncha ya stadi, imeandikwa L. Utingo mmoja hapa alirukia bomba la wili spana mpaka akakata stadi tatu akidhani zimeshika kutu, kumbe alikuwa anakaza.

Gari langu lilipita maji yakafunika habu. Kuna shida?

Habu ikiwa ya moto ikazama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inajikunja na kuvuta maji kupitia sili. Wakati wa masika tunafungua habu tukakuta grisi nyeupe kama maziwa. Grisi ya namna hiyo hailainishi tena. Fungua, osha, weka mpya. Beringi ikiwa haina vidoa itaendelea. Magari ya samaki yanayodondosha maji ya barafu yenye chumvi, na yanayoshuka ufukweni kuchukua mwani, yaoshwe kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi ndani ya magurudumu kila jioni. Baada ya safari diski ziache zipoe kwanza.

Vumbi la kutu la rangi ya chungwa unaloliona asubuhi kwenye diski ni la juujuu. Breki mbili tatu linafutika.

Kazi inachukua muda gani?

Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini habu mbili na diski mbili za Land Cruiser, zikifanywa kama nilivyoeleza, zinakula siku nzima. Vikombe vinataka kulala kwenye friza, kwa hiyo lete gari jioni ya jana yake. Anayekuahidi saa mbili, muulize uso wa habu atausafisha saa ngapi.

Vikuukuu nivitupe?

Diski ziuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wanapima kwa kilo. Kikombe kikuukuu cha beringi kiweke. Kisage ukingo wa nje kidogo kwa mashine ya kusaga, utakuwa na kifaa kinachoingia sawasawa cha kugongea kikombe kipya safari ijayo. Na diski moja mimi nimeibakiza, inazuia mlango wa gereji kipindi cha kusi.